Jumamosi za Ojas

Kwenye uchochoro mmoja wa Narayan Peth, pale Pune, kuna ngazi tatu za jiwe jeusi zisizompeleka mtu popote, maana mlango wake ulizibwa kwa matofali zamani sana. Hapo ndipo kijiweni. Popat muuza chai ameegemeza meza yake ubavuni mwa ngazi, chini ya bati linalozifunika zote, na kila jioni saa kumi na moja wenyewe wanashuka, kila mtu na ngazi yake. Ya juu ni ya Nana, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na sita na mpaka leo hawezi kukuonyesha choo kilipo bila kwanza kukutajia kaskazini. Ya kati ni ya Meja. Jeshini alikuwa karani wa stoo ya mablanketi, lakini masharubu anayo na kofia anayo, basi uchochoro ukampa cheo. Ya chini anakaa Daktari Nusu, mwenye kaunta kwenye duka la dawa pale kona. Dawa anazijua, magonjwa anayakisia. Na pembeni, juu ya kreti la chupa, hukaa Niranjan Bapat, msahihishaji kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, mtu aliyezoea kusoma makosa ya wenzake kimya kimya.

Jioni hiyo mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imenyesha ikaacha, na Niranjan alikuja na karatasi nne mkononi. Mwanawe Ojas alikuwa na miaka kumi na miwili na kilo sabini na moja. Daktari wa hospitali alikuwa ameshasema: sukari ya huyu mtoto inabisha hodi, mtafutieni kambi ya kupunguza uzito kabla haijaingia ndani. Niranjan mwenyewe hakuhitaji kuambiwa. Nyumba yao ni ghorofa ya tatu, na kila siku Ojas akitoka shule husimama ghorofa ya pili akajifanya anafunga kamba za viatu. Siku nyingine amevaa ndala, na bado anafunga kamba.

— Nne? — Nana akazipokea karatasi, akazishika mbali na macho, akamrudishia. — Umetuletea mtihani?

— Daktari kasema nichague, Nana. Nimekuja kuwasikiliza.

— Daktari yupi? — akauliza Daktari Nusu.

— Yule mzima, — akajibu Meja, na Popat akacheka mpaka chai ikamwagika.

— Cheka tu. Siku ukiumwa jino saa nne usiku utakuja kwa nusu.

— Haya, tulieni, — Nana akasema. — Mtoto ni wetu sote hapa.

Hilo lilikuwa kweli, kweli kuliko Niranjan alivyopenda. Nyumba za uchochoro ule zina nadhiri zao za Shravan, mwezi wa mvua na mifungo, na Jumamosi za mwezi huo lazima umlishe munja: mvulana aliyekwisha kuvishwa uzi mtakatifu na bado hajaoa. Zamani munja walikuwa wa kuchagua, wanapishana ngazini. Siku hizi watu wamehamia ng'ambo ya mto kwenye maghorofa, wengine wako Amerika wanaosha magari yao wenyewe, na uzi umebaki kwenye bega moja tu. Nyumba saba, munja mmoja, jina lake Ojas. Na kama vile hiyo haitoshi, mwaka huu kalenda ilikuwa imeongeza mwezi, kama inavyofanya kila baada ya miaka mitatu hivi, na mwezi ulioongezwa ni huo huo Shravan. Shravan mbili, kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba. Nana alikuwa akisema ya kwanza haihesabiwi, mke wa Daktari Nusu alikuwa akisema zote zinahesabiwa, na ubishi huo ulikuwa umeshamaliza mabirika mawili wiki iliyopita.

Sisi watu wa Pune tunasemwa, na tunajua tunasemwa, kwamba mgeni tunamuuliza kama ameshakula kabla hajavua viatu. Sawa. Lakini munja ni habari nyingine. Munja akikaa chini mbele ya jani la mgomba anapakuliwa puran poli, ile chapati nene iliyoshindiliwa dengu na sukari guru, na juu yake samli mpaka ielee. Akisema basi, anaongezwa. Akifunika jani kwa viganja vyake viwili, samli inapitishwa katikati ya vidole. Akiinuka kabla mwenye nyumba hajaridhika, nadhiri imeingia doa. Na Ojas ni mtoto aliyelelewa; hajui kumwambia mtu mzima hapana.

— Soma ya kwanza, — Meja akaamuru.

— Kambi ya nidhamu, karibu na Nashik, — Niranjan akasoma. — Siku ishirini na moja, likizo ya Diwali, mvua zikishakwisha. Kuamka saa kumi alfajiri, kukimbia, kuvuta matairi.

Meja akapiga goti lake.

— Umemaliza! Zile tatu wape mbuzi. Bapat, nikwambie kitu ambacho madaktari hawakijui. Mafuta hayaogopi njaa. Mafuta yanaogopa kipenga.

— Yana masikio? — Daktari Nusu akauliza.

— Wewe bisha tu. Tulikuwa na askari mmoja, Shinde, mnene huyo, kofia yenyewe ilikuwa inambana. Akapigiwa kipenga siku arobaini. Ya arobaini na moja, blanketi la serikali linamzunguka mara mbili!

— Aliyempa blanketi ni nani?

— Mimi, nani mwingine?

— Basi ulimpa la farasi.

Niranjan akatabasamu. Alimwaza Ojas saa kumi alfajiri, kwenye baridi, tairi limefungwa kiunoni, anajikaza asilie. Tabasamu likafutika lenyewe.

— Ya pili, — akasema. — Tiba ya asili. Mtoto anafukiwa kwenye udongo mpaka shingoni, na anakunywa maji ya mumunye mara tano kwa siku. Nayo ni likizo ya Diwali.

— Hapo sasa! — Daktari Nusu akainuka kutoka ngazi yake. — Nimesema mara ngapi? Yule mtoto si mnene. Yule mtoto ana maji.

— Maji?

— Maji ya bwawa! Tangu walipopanua mabomba, maji ya Pune yamekuwa mazito. Mimi dukani napima dawa, najua uzito wa kitu. Chota ndoo ya leo, ilinganishe na ndoo ya zamani.

— Ndoo ya zamani tuitoe wapi? — Nana akauliza.

— Ndiyo hapo sasa, ushahidi wameuondoa wote. Maji yanaingia mwilini, hayatoki, yamekaa. Udongo ukavu unayanyonya. Siku saba, mtoto anatoka kwenye shimo kama mwiko.

— Na wewe je? — Meja akamnyoshea kidole tumboni. — Hilo nalo ni bwawa? Mbona hatujakufukia?

— Hili ni la urithi. Usiingize familia yangu.

Popat akajaza tena, nusu glasi nusu glasi. Nana alikuwa anasubiri zamu yake, na mtu yeyote aliyewahi kukaa darasani kwake angejua, kwa jinsi alivyokuwa akiikunjua shali.

— Niranjan, mwanangu, ya tatu ni ya Panchgani, siyo?

— Ndiyo, Nana. Mlimani. Farasi, matembezi, saladi. Likizo ya Diwali.

— Hiyo hiyo. Na sababu ni ya kisayansi. Panchgani iko juu ya bahari mita elfu moja na mia tatu hivi. Kitu kikiwa mbali na kiini cha dunia, dunia inakivuta kidogo. Kwa hiyo mtoto akishuka tu kwenye basi, kabla hajakimbia hata hatua moja, ameshapungua.

Hata Meja alitikisa kichwa kukubali, maana ilisikika kama kitu kilichoandikwa kitabuni.

— Amepungua kiasi gani, Nana? — Niranjan akauliza.

— Kiasi. Hebu usiwe mtu wa desimali.

— Na akirudi huku chini?

Nana akanywa chai yake, akaifikiria.

— Akirudi huku chini, hilo tena si somo langu.

Niranjan akaikunjua karatasi ya nne, ambayo ilikuwa imelowa kidogo kwa jasho la mkono. Hiyo ndiyo aliyoitaka, na ndiyo aliyoiogopa. Alikuwa ameisoma mara kumi kama asomavyo kurasa za watu kiwandani, akitafuta kosa, na kosa hakuliona.

— Ya nne iko karibu, chini ya mlima wa Sinhagad. Mtoto halali huko. Wiki kumi, kuanzia katikati ya Julai, Jumamosi na Jumapili, asubuhi hadi jioni. Wanatembea, wanacheza, wanajifunza kupika, na watu wa nyumbani wanafundishwa pamoja naye. Mwisho wa kujiandikisha ni leo. Wanapita wenyewe kuchukua fomu.

Ngazi zote tatu zikapoa. Kitu fulani kilipita kati ya wale wazee watatu, haraka, na Niranjan akakiona kikipita.

— Sinhagad? — Meja akaanza. — Wakati wa mvua? Bapat, una akili timamu? Kule kuna ruba wa urefu huu!

— Ruba tu?

— Na chui! Watu wanawaona kila siku. Na chui si mjinga, bwana wee. Akikutana na watoto ishirini hachukui mwembamba.

— Achana na chui, — Daktari Nusu akadakia. — Ukungu! Ukungu ni maji. Mtoto ana maji tayari, unampeleka kuongezewa mengine puani. Halafu, watu wa nyumbani wafundishwe nini? Mnene ni nani, mtoto au mama yake?

— Kambi isiyo na ukuta ni kambi gani? — Meja akasema. — Jioni anarudi nyumbani! Hayo ni matembezi.

— Tatizo lenyewe liko ndani zaidi, — Nana akasema kwa upole, na wote wakamgeukia. — Tatizo ni Jumamosi. Jumamosi ni siku ya Zohali. Sasa Zohali, kwa taarifa yenu, inachukua karibu miaka thelathini kulizunguka jua mara moja. Jambo ukilianza Jumamosi linakwenda kwa mwendo huo. Haya mafuta yataondoka, sikatai. Yataondoka Ojas akiwa na miaka arobaini na mbili.

— Umesikia? — Daktari Nusu akamwambia Niranjan. — Mwalimu huyo.

Niranjan akaizungusha glasi yake. Akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza bei:

— Basi nikiwaomba nimpeleke Jumapili tu?

— Jumapili sawa! — akasema Meja.

— Jumapili haina neno, — akasema Daktari Nusu.

— Jumapili ni siku ya jua, — akasema Nana. — Mpeleke tu mwanangu, kwa moyo mmoja.

— Kwani Jumapili chui anafunga? — Niranjan akauliza.

Popat alijifanya anasugua birika. Meja akalivuta sharubu moja, kisha akaenda kwenye la pili. Mvua ikaanza tena kugonga lile bati, polepole.

Hakuwakasirikia. Hilo ndilo lililomsumbua. Watu hawa ndio waliombeba baba yake mpaka mtoni kuchomwa. Mke wa Nana ndiye aliyemshika Ojas siku ya kwanza ya uhai wake, kabla hata ya bibi yake mzaa mama. Unawaambiaje watu wa namna hiyo kwamba mkono wao unamuumiza mtoto? Hakuwahi kupata maneno. Kulikuwa na jambo la mwaka jana lililomkaa kooni muda wote huo, na kila alipokuja kijiweni alilimeza pamoja na chai.

Ndipo skuta ikaingia uchochoroni, ikakwepa dimbwi, ikasimama mbele ya meza ya Popat. Alikuwa binti wa miaka ishirini na ushee, koti la mvua la njano, helmeti, begi la karatasi limefungwa kwa mfuko wa nailoni.

— Namaskar, wazee wangu. Samahani, nyumba ya Bapat ni ipi? Mimi naitwa Ketaki, natoka kambini Sinhagad.

— Ruba wamekuachia? — Meja akanong'ona, lakini kwa sauti ya jeshini.

— Wanakuja mmoja mmoja, babu, tunawatia chumvi, — akamjibu bila kukasirika. — Bapat ni nani hapa?

Niranjan akainuka, akampa fomu. Yule binti akaisoma akiwa amesimama, maji yakimtiririka kwenye helmeti, akaweka alama hapa na pale kwa kalamu.

— Jina, sawa. Uzito, sawa. Barua ya daktari, ipo. Sehemu mbili hazijakamilika. Hii ya kwanza ni ndogo tu. Jumamosi zote kumi, mtoto ana nafasi?

Niranjan akaichukua tena glasi yake.

Ketaki akamtazama, akamtazama Nana, akamtazama Meja, akamtazama Daktari Nusu. Wanaume wanne wazima, na kila mmoja anaangalia ndani ya glasi kana kwamba jibu limezama na majani ya chai.

— Swali gumu? — akauliza. — Ana masomo ya ziada? Kriketi?

— Ana... — Nana akaanza. — Kuna mambo ya nyumbani. Ya mila.

— Nadhiri, — Daktari Nusu akasema. — Na nadhiri ni nadhiri, binti yangu. Mwaka huu Shravan ni mbili.

— Ya kwanza haihesabiwi, — Nana akasema, lakini bila nguvu.

Hapo Niranjan akajisikia anazungumza. Hakupandisha sauti, wala hakumtazama mtu.

— Mwaka jana, Jumamosi ya tatu, Ojas alikula mchana kwako, Daktari. Poli tano. Saa tisa akala kwako, Nana. Jioni zamu ilikuwa ya Meja. Mimi nilikuwa natoka kazini. Nikamkuta nyuma ya kisima, ameinama, anatapika, anashikilia uzi wake kwa mkono mmoja usichafuke. Hakuniona. Akanawa uso. Akasukutua. Akafunga vifungo vya shati vizuri, vyote, akaanza kupanda ngazi za kwako, Meja. Nikamwita. Nikamwambia, mwanangu, rudi nyumbani, nitakusemea. Unajua alinijibu nini?

Akaiweka glasi chini.

— Alisema, baba, bibi ameshanichorea maua ya unga kuzunguka jani.

Meja alivua kofia yake, akaiweka gotini. Mkewe huchora maua hayo tangu alfajiri, na magoti yake mabovu, akiwa amekaa sakafuni. Meja alikuwa amejisifia maua yale kijiweni mwaka mzima.

— Na akala, — Meja akasema. — Siku ile alikula sana. Mimi mwenyewe nilimwongezea. Nilimwambia jeshi halirudi nyuma.

— Ndiyo.

— Bapat, mbona hukusema?

— Ningesemaje?

Mvua ikapiga bati. Ketaki alikuwa amevua helmeti, kalamu ameifunga.

— Hii sehemu ya pili, — akasema baadaye, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo. — Inauliza ni nani wanaompakulia mtoto. Hapa umeandika mama yake tu. Sisi tunawataka wote wanaompakulia waje Jumamosi ya kwanza. Mtoto hajipakulii, wazee wangu. Tunawafundisha hao, mkono usimame wapi.

— Na nadhiri? — Daktari Nusu akauliza. Safari hii hakuwa akibisha. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyeogopa. — Mke wangu aliiweka tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza. Miaka ishirini na tisa hajaruka hata Jumamosi moja. Nitamwambia nini?

Nana aliivuta shali mpaka masikioni.

— Nadhiri inasema alishwe, — akasema. — Sikumbuki mahali inaposema ajazwe. Hilo tumeliongeza wenyewe. — Akanyosha mkono kwa yule binti. — Huko kwenu mchana wanakula nini?

— Mkate wa mtama, mboga za majani, dengu, mtindi.

— Kwenye jani?

— Kwenye sahani, babu.

— Jani tutaleta sisi, kila Jumamosi ya Shravan, — Nana akasema. — Na unga wa maua. Binti, mpe Niranjan fomu na kalamu aandike.

— Niandike jina la mkeo, Nana?

— Andika langu. Mke wangu anapika tu. Anayepitisha samli kwenye vidole vya mtoto ni mimi.

Niranjan akaandika. Akaandika la Meja, na Meja akasimamia mpaka herufi ya mwisho. Akaandika la mke wa Daktari Nusu, kisha la Daktari Nusu mwenyewe, akiyabana yote mawili pembeni, maana mistari ya fomu ilikuwa mitatu na mama Ojas alikuwa ameshachukua mmoja. Zilibaki nyumba nne za uchochoro. Akaigeuza karatasi, akaendelea nyuma.

— Popat, ongeza, — Meja akasema, akinyosha glasi bila kuangalia.

Popat akaliinamisha birika mpaka mwisho. Likatoa tone moja, halafu majani.

— Imekwisha, wazee.

Ketaki akaikunja fomu, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akavaa helmeti. Alikuwa ameshawasha skuta alipokumbuka.

— Lile la kwanza hamkunijibu. Jumamosi, mtoto ana nafasi?

Niranjan akawaangalia wale watatu kwenye ngazi zao, mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyeinamia glasi.

— Ana nafasi, — akasema. — Zote.